Cha Dakika na Cha Miezi: Unga wa Kukaanga Kando ya Barabara ya Emilia

Ukiifuata barabara ya Emilia kaskazini mwa Italia, kutoka Piacenza karibu na mto Po hadi Rimini kwenye pwani ya Adriatiki, utaandaliwa chakula kile kile mji baada ya mji, na kila mji utakuapia kuwa ni chake. Piacenza watakiita chisolini, Parma torta fritta, Reggio Emilia na Modena gnocco fritto, Bologna crescentina, na ukichepuka kidogo kuelekea Ferrara utasikia pinzin. Chenyewe ni unga wa ngano uliokandwa kwa maji, chumvi na mafuta kidogo, ukasukumwa mwembamba, ukakatwa vipande vya pembe nne, kisha ukatumbukizwa kwenye mafuta ya moto hadi ukafura na kubaki mtupu ndani. Unaletwa mezani ukiwa bado unachoma vidole, pamoja na ubao wa nyama za chumvi zilizokatwa nyembamba na jibini, na kila mlaji anapasua kipande chake na kukijaza anavyopenda. Nimerudi kutoka barabara hiyo nikiwa na hoja moja, nayo si ya kusifu upishi wa wengine. Nashikilia kwamba chakula hiki kinaonyesha namna bora ya kugawana kazi kati ya jiko la nyumbani na soko: kitu kinachokufa kwa dakika kipikwe nyumbani, na kitu kinachokomaa kwa miezi kinunuliwe kwa mwenye ghala na ujuzi wake. Miji yetu ya Afrika Mashariki inaelekea kinyume, na naamini inafaa kujiuliza tunapoteza nini.

Barabara yenyewe ina umri wa kustahiwa. Konsuli wa Roma, Marcus Aemilius Lepidus, aliijenga mwaka 187 KK kuunganisha Rimini na Piacenza, na mkoa mzima wa Emilia-Romagna umepata nusu ya jina lake hapo. Inapita katikati ya nchi mbili: kusini kuna vilima vinavyopanda taratibu kuelekea milima ya Apennini, kaskazini kuna tambarare ya mto Po, bapa kabisa, yenye ngano, mahindi, majani ya ng'ombe na ukungu mzito wa majira ya baridi. Ukitazama nje ya dirisha la treni huoni kitu cha kustaajabisha, lakini mnyororo wa chakula chote cha mezani umelala pale. Ng'ombe wanatoa maziwa ya jibini la Parmigiano Reggiano. Maji yanayobaki maziwa yakishaganda hayamwagwi, wanalishwa nguruwe. Nguruwe hao ndio wanaotoa mapaja ya kukaushwa, na mafuta yao yaliyoyeyushwa na kuchujwa, yanayoitwa strutto, ndiyo yanayokandiwa unga na kuukaangia. Kwa hiyo kipande kile cha unga, ambacho mgeni hukidhania kuwa kibebeo tu cha nyama, kimetoka katika uchumi ule ule wa nyama, kikichukua sehemu iliyo rahisi kupatikana: unga kidogo na mafuta yaliyobaki. Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia, kwa sababu mnyororo huo una ncha mbili, moja ya haraka sana na nyingine ya polepole sana, na watu wa huko hawazichanganyi.

Tuanze na ncha ya polepole. Kusini mwa Parma, katika vilima vya Langhirano, kuna majengo marefu yenye madirisha membamba yaliyopangwa kuelekea upepo. Ndani yake mapaja ya nguruwe yananing'inia kwa maelfu. Viungo vya Prosciutto di Parma, kama yanavyoitwa mapaja hayo, ni nyama na chumvi ya bahari, basi. Kinachofanya kazi ni hewa, baridi iliyodhibitiwa na muda wa zaidi ya mwaka mzima. Sehemu ya nyama isiyofunikwa na ngozi inapakwa mafuta ili isikauke kabla ya wakati. Mwishoni mkaguzi anachukua sindano nyembamba iliyochongwa kwa mfupa wa farasi, anaichoma ndani ya paja, anaichomoa na kuinusa papo hapo, kisha anahamia mahali pengine pa paja lile lile. Mfupa huo unafyonza harufu upesi na kuiachia upesi, ndiyo maana sindano moja inaweza kusoma sehemu kadhaa bila kuchanganya habari zake. Karibu na mto Po, huko Zibello, mambo ni kinyume: nyama ya culatello inataka ukungu na unyevu wa maghala ya chini. Jibini la Parmigiano nalo, gurudumu la kilo 40 hivi lililotumia maziwa ya zaidi ya lita 500, haliruhusiwi kuuzwa kwa jina hilo kabla ya miezi 12. Hakuna nyumba ya kawaida mjini inayoweza kuwa na vilima, ukungu, ghala na pua ya yule mkaguzi. Kuvinunua vitu hivyo ni kukubali tu kwamba kuna kazi inayohitaji mahali pake na mtu wake.

Sasa ncha ya haraka. Kipande cha unga cha unene wa milimita 3 kinaingia kwenye mafuta. Kinazama kidogo, kinapanda, na mpishi anakimwagia mafuta ya moto mgongoni kwa kijiko. Malengelenge yanatokea, mawili, matatu, yanaungana, na kipande chote kinavimba kama mto mdogo wa kulalia. Sababu yake ni rahisi: joto linageuza maji yaliyo ndani kuwa mvuke wakati uso umeshashikana na kuziba, na mvuke ukikosa pa kutokea unalitenga tabaka la juu na la chini. Anakigeuza mara moja, anakitoa kikiwa na rangi ya dhahabu iliyopauka, anakiweka kwenye karatasi. Mezani mlaji anakipasua ubavuni, mvuke unatoka, anaingiza kipande chembamba cha nyama, na ule ukingo mweupe wa mafuta ya nyama unaanza kung'aa na kulainika kwa joto la unga. Utamu wote uko katika mkutano huo wa kitu baridi kilichongoja mwaka na kitu moto kilichopikwa dakika moja iliyopita. Acha dakika kumi zipite. Mvuke ule ule uliokifanya kivimbe unageuka maji ndani yake, ganda linakuwa gumu la kutafuna, mafuta yanajitokeza mdomoni. Ukikipasha tena, hakirudi. Hakuna ghala wala gari linaloweza kukiokoa, kwa kuwa umbali wake kutoka kwenye karai hadi mdomoni hupimwa kwa hatua.

Mtu anaweza kusema kwamba hii ni falsafa ya mlo wa wikiendi tu, na kwamba watu wa Emilia hawakupanga kitu, walirithi. Nadhani historia yao inajibu vizuri. Hadi katikati ya karne ya ishirini, familia nyingi za mashambani huko ziliishi chini ya mezzadria, mfumo wa kulima ardhi ya mwenye shamba na kugawana naye mavuno. Nyumba ya namna hiyo ilifanya karibu kila kitu. Majira ya baridi mchinjaji alipita nyumba kwa nyumba, nguruwe akachinjwa uani, soseji zikafungwa, mafuta yakachujwa na kuwekwa kwenye mitungi ya mwaka mzima. Unga ulikaangwa kwa mafuta hayo hayo. Kisha viwanda vikaja. Sassuolo ikawa mji wa vigae, Maranello ikawa mji wa magari ya kasi, vijana wakahama shamba, na mwaka 1964 sheria ya Italia ikapiga marufuku mikataba mipya ya mezzadria. Angalia walichokiacha na walichokihifadhi. Nguruwe aliondoka uani. Ghala la nyama likahamia kwa wenye viwanda vya Langhirano. Ngano ikaenda kwa msagaji mkubwa. Karai la kukaangia halikuondoka, ingawa sasa walikuwa na fedha za kununua mkate wa aina yoyote. Watu waliopata uhuru wa kuacha kazi zote za jikoni waliacha zile zinazoweza kufanywa vizuri na mwingine mbali na nyumbani, wakabaki na ile isiyoweza. Uchaguzi wa watu wengi namna hiyo, katika kizazi kimoja, ni ushahidi mzito kuliko maneno yao.

Ushahidi mwingine uko kwenye maandishi. Pellegrino Artusi alizaliwa Forlimpopoli, mji ulio kwenye barabara hii hii, na mwaka 1891 alichapisha kwa fedha zake mwenyewe kitabu cha upishi kilichokuja kuingia katika nyumba nyingi za Italia. Hakuwa mpishi wa hoteli. Alikuwa mfanyabiashara aliyestaafu, akiandikia familia za tabaka la kati. Ndani ya kitabu hicho aliiweka crescente ya Bologna, unga wa kukaanga wa kawaida kabisa, bila kuona haya kuuketisha karibu na vyakula vya karamu. Naliona hilo kuwa jambo kubwa. Italia ilikuwa imeungana kuwa nchi moja miaka 30 tu kabla, na mtu aliyetaka kuwapa wananchi wapya upishi wa pamoja hakuchagua tu sahani za makasri. Aliona kuwa chakula cha dakika, kisichoweza kusafirishwa, kinaweza kusafiri kwa njia moja tu: kwa mtu mwingine kujifunza kukipika katika nyumba yake. Nyama ya Parma inakufikia ikiwa tayari. Unga wa kukaanga unakufikia ukiwa ni ujuzi.

Pingamizi la maana zaidi linatoka Modena yenyewe. Huko siki ya kienyeji, aceto balsamico tradizionale, inatokana na maji ya zabibu yaliyochemshwa na kuhamishwa taratibu kutoka pipa hadi pipa kwa miaka isiyopungua 12, na mapipa hayo kwa desturi hukaa kwenye dari za nyumba za watu. Kumbe basi nyumba inaweza kutengeneza cha miaka, sembuse cha miezi. Nalikubali pingamizi hilo, na linanilazimu kuinyoosha hoja yangu badala ya kuiacha. Sisemi kwamba nyumba haiwezi kazi ya polepole. Nasema hasara za pande mbili hazilingani. Mwenye dari na mapipa ya babu yake ana bahati, lakini asiye nayo akinunua chupa ndogo ya siki nzuri hapotezi chochote cha ladha. Kilekile kilichokuwa darini kimefika mezani kwake. Anayenunua unga wa kukaanga uliolala dukani amepoteza kila kitu isipokuwa umbo. Hata jibini laini la squacquerone, ambalo watu wa Romagna hulila na mikate yao na ambalo huharibika kwa siku chache, linaangukia katikati: halingoji miezi, lakini siku mbili tatu zinatosha kulitoa kiwandani hadi kwa muuzaji wa mtaani. Kipimo, kwa hiyo, ni umri wa kitu baada ya kuiva. Kadiri umri huo unavyokuwa mfupi, ndivyo moto wake unavyopaswa kuwa karibu na mlaji.

Ukishuka kusini kanuni hii inabadilisha nguo, haibadiliki mwili. Florence wanakaanga vidonge vidogo vya unga, coccoli, na kuvila na jibini laini la stracchino na nyama ya paja iliyokaushwa. Napoli wana pizza fritta, ambayo hujazwa jibini la ricotta na vipande vya nyama ya mafuta kabla ya kukunjwa na kukaangwa. Baada ya vita vya pili vya dunia, kuni na tanuri vilipokuwa shida, karai la mafuta lilikuwa nafuu, na wanawake wa Napoli walikaanga kwenye milango ya nyumba zao za chini na kuuzia majirani, hata kwa mkopo: kula leo, lipa baada ya siku nane. Filamu ya Vittorio De Sica ya mwaka 1954, L'oro di Napoli, ilimwonyesha Sophia Loren katika kazi hiyo hiyo, na sura ile ikazunguka dunia. Napoli inanisaidia kulijibu swali ambalo msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam atakuwa ameshaliuliza: je, anayenunua kwa jirani amevunja kanuni? Hajaivunja. Mlango wa jirani ni jiko la karibu. Moto bado uko hatua chache, mkaangaji bado anakuona uso, na kipande hakijawahi kupanda gari. Kinachovunja kanuni ni kukikaanga usiku mahali pasipojulikana, kukifunga plastiki na kukisambaza asubuhi kama bisikuti.

Hapa ndipo nyumbani panapoingia, na uhusiano si wa kulazimisha. Malindi na Watamu zina wakazi Waitaliano wa miaka mingi. Ngomeni, kaskazini kidogo mwa Malindi, ndiko Italia ilikorushia satelaiti kutoka jukwaa la baharini la San Marco mwaka 1967. Katika mitaa ya Malindi mtu anaweza kuagiza pizza kwa Kiitaliano na kununua mahamri kwa Kiswahili asubuhi ile ile. Hamri ni ndugu wa kweli wa gnocco: unga wa ngano, hamira, mafuta ya moto, kufura, utupu ndani. Tofauti ni tui la nazi, iliki na sukari. Na mwenzi wake, mbaazi za nazi, anafuata kanuni ile ile ya mwendo tofauti: mbaazi huchemshwa kwa muda mrefu, huweza kupikwa jana na kupashwa leo zikazidi hata kunoga, lakini hamri ya jana kila mtu anaijua. Sasa mtu atasema, basi kwa nini twende mpaka Emilia kutafuta tulicho nacho? Kwa sababu Emilia ilipita mapema njia tunayopita sasa. Walihama mashamba, wakajaa mijini, wakapata maduka makubwa, muda ukawa adimu, na bado walijua kipi wakiachilie. Sisi tunaanza kuziona hamri na maandazi kwenye rafu za duka, zimefungwa, zina tarehe ya mwisho ya kuliwa. Tunaachilia ncha isiyofaa kuachiliwa.

Pingamizi la dini ni zito na halifai kupitwa mbio. Chakula cha asili cha barabara ya Emilia ni cha nguruwe mwanzo hadi mwisho: nyama ubaoni, strutto ndani ya unga, strutto kwenye karai. Msafiri Mwislamu anayeketi Modena na kuagiza jibini peke yake akidhani amejiepusha hajajiepusha, kwa maana mafuta ya kukaangia aghalabu ni yale yale; aulize kwanza. Wapo watakaosema kwamba ukiondoa nguruwe umekiondoa chakula chenyewe. Sikubaliani nao, na sababu iko katika hoja nzima. Kinachokifanya chakula hiki kiwe hivyo ni mkutano wa unga wa dakika na kitu kilichokomaa, na mkutano huo hauna mnyama maalumu. Italia yenyewe ina bresaola ya Valtellina, nyama ya ng'ombe iliyotiwa chumvi na kukaushwa, ambayo mwenye kuipata ikiwa ya mnyama aliyechinjwa kwa sharia ataila kwa amani. Mafuta ya alizeti yanakaanga vizuri, na samli kidogo ndani ya unga inaleta ule ulaini ambao strutto huleta. Ladha itatofautiana, nakiri. Strutto ina uzito wake na harufu yake. Lakini anayekaanga kwa alizeti na kula papo hapo yuko karibu zaidi na meza ya Modena kuliko anayenunua vipande vya asili vilivyogandishwa na kuvipasha.

Kwa atakayejaribu nyumbani, kazi ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Nusu kilo ya unga wa ngano, gramu 10 za chumvi, kijiko cha chai cha hamira, gramu 50 za samli au mafuta, na robo lita ya maji au maziwa ya uvuguvugu, ukiongeza kidogo kidogo unga ukidai. Kanda hadi ulainike na kuacha kushika mikono, funika, uache upumzike saa moja na nusu hadi mbili. Mapumziko hayo si ya mapambo; unga usiopumzika unajivuta na kurudi unaposukumwa, na mahali palipobaki nene hapafuri. Sukuma kwenye kibao cha chapati hadi milimita 3, kata vipande vya sentimita 7 au 8, usivipange kimoja juu ya kingine. Mafuta yawe ya kina cha kutosha kipande kielee, na moto wake uwe kati ya nyuzi 170 na 180. Asiye na kipimajoto adondoshe kipande kidogo cha unga, kikipanda upesi na mapovu pembeni, wakati umefika. Mafuta yaliyopoa ndiyo adui mkubwa, maana unga utayanywa kabla haujaziba. Kaanga vichache vichache, vimwagie mafuta mgongoni, geuza mara moja. Walaji wawe wameketi tayari kabla cha kwanza hakijatoka. Jibini laini, mtindi uliochujwa hadi ukawa mzito na kutiwa chumvi na kitunguu saumu, nyama iliyokaushwa, achari, vyote viwe mezani tangu mapema, kwa kuwa vyenyewe havina haraka.

Hapo linatokea pingamizi ambalo kwangu ndilo gumu kuliko yote. Ikiwa walaji wameketi tayari, ni nani amesimama kwenye karai? Katika nyumba nyingi, Modena kama Mombasa, jibu limekuwa mama, dada au msichana wa kazi, na yeye hula mwisho, vipande vilivyopoa. Sifa ya chakula cha dakika inaweza kuwa sifa ya uchovu wa mtu mmoja. Hoja inayopuuza hilo haifai kusikilizwa. Lakini Emilia ina jibu la vitendo. Katika sherehe za vijiji, na katika zile Feste de l'Unità zilizoanza mwaka 1945 kama harambee ya gazeti la chama cha kikomunisti na kuota mizizi katika mkoa huu, unga hukaangwa na watu wa kujitolea, wanaume kwa wanawake, wengi wao wastaafu, kwa zamu. Mmoja anakanda, mwingine anasukuma, wa tatu yuko kwenye mafuta, na baada ya muda wanabadilishana, kila mmoja akapata chake cha moto. Kazi inayogawanyika kirahisi namna hii haina sababu ya kubaki mgongoni kwa mmoja. Kuisukuma kiwandani ili kumwokoa mama ni kutatua tatizo la haki kwa kuharibu chakula, wakati suluhisho lililo mkononi ni baba na vijana kusimama zamu yao.

Kuhusu afya, anayesema kwamba vya kukaanga visiwe mlo wa kila siku anasema kweli, na watu wa barabara ya Emilia hawavili kila siku. Wana mikate ya kuoka na tambi kwa siku za kawaida. Hilo linaiimarisha hoja badala ya kuidhoofisha. Kitu kinachodai mtu asimame, awashe mafuta, awaite wenzake, hakiwezi kuliwa kwa mazoea. Kilichofungwa kwenye plastiki na kuwekwa kaunta karibu na sigara na soda ndicho kinacholiwa bila njaa na bila hesabu. Ugumu kidogo wa kukipata ni sehemu ya kipimo chake.

Nchi yetu ya pwani haikosi vitu vya miezi. Kuna papa mkavu, kuna ng'onda, kuna achari ya ndimu na ya embe, na wafugaji wa bara wana samli na nyama zao za kukausha. Tunakosa yale ambayo Italia na Umoja wa Ulaya waliyafanyia watu wa Parma na Modena: kuandika kanuni za kazi hiyo, kuilinda kwa jina la mahali pake, kumkagua mwuzaji na kumlipa mtengenezaji bei inayostahili muda wake. Prosciutto di Parma ilisajiliwa na Ulaya mwaka 1996 na soseji ya mortadella ya Bologna mwaka 1998, ingawa kadinali mmoja wa Bologna alikwisha kutoa amri ya kulinda utengenezaji wa mortadella tangu mwaka 1661. Unga wa kukaanga hauhitaji muhuri wa namna hiyo, kwa kuwa mlaji ndiye mkaguzi wake na anajua ukweli ndani ya sekunde. Kwa hiyo wajibu uko pande mbili, na hakuna upande unaoweza kuufanya wa mwenzake: soko letu linahitaji watengenezaji wa vitu vya miezi wenye majina, viwango na malipo ya haki, na nyumba zetu zinahitaji mtu wa kuwasha jiko, na mwingine wa kumpokea zamu.